Baiskeli ya mtumba kutoka Japani kwa mkaaji wa Kibada: aina, kimo na upana

Kwa miezi saba sasa ninakwenda kazini kwa baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, ya magurudumu ya inchi 26, yenye gia tatu na kikapu mbele. Asubuhi natoka Kibada, Kigamboni, jijini Dar es Salaam, hadi Feri, navuka na pantoni, kisha namalizia kipande kifupi cha kutoka Magogoni hadi Posta. Baiskeli hii ni ya pili. Ile ya kwanza niliiuza baada ya miezi minne ya maumivu, na haikuwa mbovu hata kidogo: fremu ilikuwa imara, breki zilishika vizuri, na kijana mrefu wa mtaani kwetu aliyeinunua anaifurahia mpaka leo. Kosa lilikuwa kipimo. Tathmini hii ni ya baiskeli ya Kijapani, lakini lazima ipitie kwanza kwa ile iliyoitangulia, kwa kuwa ndiyo iliyonionyesha mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyatazama kabla ya rangi na jina.

Mimi ni mwanamke wa kimo cha sentimita 162. Nilipokwenda Kariakoo mara ya kwanza nilivutiwa na baiskeli ya milimani ya magurudumu ya inchi 29, fremu ya inchi 19, rangi ya bluu iliyokoza. Muuzaji aliniambia, "Dada, hii inakufaa kabisa, kiti tutakishusha," na kweli alikishusha mpaka mwisho, nikapanda, miguu ikafika kwenye pedali, nikalipa shilingi 350,000. Yeyote anayenunua baiskeli katika jiji hili atalisikia neno hilo la kushusha kiti, na ni vizuri alielewe. Kiti kikishuka, kinachobadilika ni umbali kati ya kiti na pedali. Umbali kati ya kiti na usukani, ambao unatokana na urefu wa bomba la juu la fremu, haupungui kwa kiasi cha maana. Kwa mtu mfupi unabaki mrefu vilevile, naye analazimika kujinyoosha mbele muda wote kama anayefuata chumvi upande wa pili wa meza pana. Baada ya wiki tatu nilianza kupata ganzi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo cha mikono yote miwili, kwa sababu uzito wa kifua ulikuwa umelalia viganja, hasa upande ule ambao mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita. Shingo nayo ilikaza, kwani aliyelala mbele namna ile lazima ainue kichwa ili aone barabara.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa wakati wa kusimama. Nilipopima baadaye nyumbani, bomba la juu lilikuwa sentimita 77 kutoka ardhini, ilhali mguu wangu, kutoka kinena hadi unyayo, una sentimita 74. Maana yake ni kwamba sikuweza kusimama juu ya baiskeli yangu mwenyewe nikiwa nimekanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Pale Feri, geti linapofunguliwa na watu, bodaboda, mikokoteni na matenga ya samaki vikasogea kwa pamoja kuelekea kwenye pantoni, mtu anahitaji kusimama na kuondoka mara ishirini ndani ya mita hamsini, na kila mara mimi nilikuwa nikiinamisha baiskeli upande mmoja na kuning'inia kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilimwangukia mama aliyebeba ndoo ya dagaa, na siku hiyohiyo niliamua kuiuza.

Kipimo cha kwanza, basi, ni mguu, na kinachukua dakika mbili. Simama bila viatu, mgongo ukiwa umegusa ukuta, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kikubane kama kiti cha baiskeli kinavyobana, kisha mtu mwingine apime kwa futi ya fundi nguo kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Namba hiyo ina faida kuliko urefu wa mwili mzima, kwa sababu watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana kwa sentimita kadhaa za mguu. Kwenye baiskeli ya barabarani yenye bomba la juu, mguu unapaswa kulizidi bomba hilo kwa sentimita mbili na nusu hadi tano. Kwenye baiskeli ya milimani nafasi iwe kubwa zaidi. Ukizidisha mguu kwa 0.883 unapata kimo cha kiti kutoka katikati ya ekseli ya kranki (vyuma vinavyoshika pedali) hadi juu ya kiti, ambacho kwangu ni takriban sentimita 65. Asiyetaka hesabu akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuyumba. Akirudisha unyayo mahali pake wakati wa kuendesha, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Baiskeli ya pili niliinunua Ilala, kwa muuzaji anayepokea mizigo ya makontena. Zinafika usukani ukiwa umegeuzwa sambamba na gurudumu ili zibanane vizuri, na pedali zikiwa zimefunguliwa. Yangu ilikuwa bado na stika ya usajili kwenye fremu, kwa kuwa nchini Japani sheria inataka kila baiskeli isajiliwe, na rangi yake ya fedha ilikuwa imekwaruzika upande mmoja tu, ule ambao bila shaka ilizoea kuegeshwa. Nililipa shilingi 210,000. Muuzaji huyu aliniachia niiendeshe mtaani kwa dakika ishirini, kwenye lami na kwenye vumbi, kabla ya kuzungumza bei, na alipoona nimetoa futi kwenye mkoba hakukasirika; alinishikia baiskeli wima ili nipime sawasawa. Kwa huduma hiyo peke yake ningerudi kwake.

Fremu yake ni ile tunayoiita ya kike, ambayo bomba lake la juu limeshuka chini mpaka karibu na kranki. Sipendi jina hilo, kwani linawanyima wanaume wengi baiskeli ambayo ingewafaa. Jirani yangu, mzee mwenye goti lisilokunjika vizuri, ameacha kabisa kuendesha kwa sababu hawezi tena kurusha mguu juu ya keria ya baiskeli yake ya Phoenix, na bado anaona haya kupanda ya kike. Kwa mwenye sketi ndefu, kanga au baibui, fremu hii haina mpinzani, na zaidi ya hapo mnyororo umefunikwa kwa bati kuanzia mbele hadi nyuma, hivyo nguo hainaswi wala haipati grisi. Nchini Japani baiskeli hizi za matumizi ya kila siku huuzwa kwa kutaja gurudumu tu, inchi 24, 26 au 27, wala si kwa urefu wa fremu. Kwa hiyo mnunuzi asitafute namba ya fremu, apande tu na kuangalia kama kiti kinafika kwenye kimo chake bila kupita alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba la kiti. Usukani umejikunja kumfuata mwendeshaji, mgongo unabaki wima, na ganzi ya vidole ilikwisha ndani ya wiki mbili.

Jambo moja sikulitegemea, nalo limenifurahisha kuliko yote. Sheria ya Japani inaitambua baiskeli ya kawaida kuwa ile isiyozidi upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 190, ndiyo maana usukani wake umebana. Ule wa baiskeli ya milimani ulikuwa na sentimita 72. Tofauti ya sentimita 12 ukiitaja inaonekana ndogo, lakini ukiwa katikati ya bodaboda mbili ndani ya pantoni, au unapita kati ya daladala na ukingo wa barabara, ndiyo tofauti ya kupita na kukwama. Kwenye njia za mawe na miteremko, usukani mpana humpa mwendeshaji nguvu ya kulitawala gurudumu la mbele. Mjini nguvu hiyo haina kazi. Breki nazo zimepangwa ya mbele mkono wa kulia na ya nyuma mkono wa kushoto, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijaribu kwanza kabla ya kuingia barabarani.

Upana wa kiti nao hupimwa, ingawa sijaona duka linalofanya hivyo. Kalia kipande cha boksi juu ya kigoda kigumu, inama kidogo, kisha inuka na upime umbali kati ya vishimo viwili vilivyoachwa na mifupa ya makalio, halafu ongeza sentimita mbili au tatu. Anayeendesha mgongo ukiwa wima huikalia mifupa hiyo kikamilifu, kwa hiyo kiti kipana chenye springi, kama kilichokuja na baiskeli yangu, kinamfaa. Anayeinama mbele atakiona kinamchubua mapaja.

Sasa nifike kwenye matairi, mahali ambapo fedha nyingi hupotea. Mwezi wa pili tairi la nyuma lilianza kupasuka ubavuni, nikaenda duka moja la vipuri mjini nikaomba tairi la inchi 26. Niliuziwa tairi la inchi 26, jipya, zuri, lenye meno. Fundi wangu wa Kibada alihangaika nalo zaidi ya nusu saa. Upande mmoja ulikataa katakata kupanda kwenye rimu. Akauvuta kwa vyuma viwili vya kufungulia tairi, akaukanyaga, mwishowe chuma kikateleza na kuutoboa mpira wa ndani. Alipoliweka tairi jipya juu ya lile la zamani, chini kwenye mchanga, jipya lilikuwa dogo kiasi cha kuonekana kwa macho. Yote mawili yameandikwa 26.

Tulifuta vumbi kwenye ubavu wa lile la zamani kwa kitambaa chenye mate, na maandishi yakatokea: 26 × 1 3/8 W/O, na pembeni yake 37-590. Kwenye jipya iliandikwa 26 × 1.75 H/E, na 47-559. Namba ya pili katika jozi hizo zenye kistari ndiyo yenye ukweli wote. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali ambapo tairi linakaa kwenye rimu. Kati ya 559 na 590 kuna milimita 31, na waya ulio ndani ya ukingo wa tairi haunyooki, kwa hiyo hakuna nguvu ya fundi itakayolivalisha. Herufi W/O na H/E, ambazo Wajapani huziandika kwenye matairi yao, zinatenganisha familia hizo mbili: W/O kwa rimu za baiskeli nyingi za mjini, H/E kwa rimu zilizotokana na baiskeli za milimani.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba zile inchi zilikusudiwa kutaja ukubwa wa gurudumu zima kwa nje, tairi likiwa limejazwa upepo. Tairi nene juu ya rimu ndogo na tairi jembamba juu ya rimu kubwa yote yanaweza kufika karibu na inchi 26, na yakapewa jina moja. Ndiyo sababu magurudumu ya inchi 29 ya baiskeli za milimani na yale ya 700C ya baiskeli za mbio yana rimu ya kipenyo kilekile, milimita 622, huku Phoenix ya mzee jirani yangu, inayotumia tairi la 28 × 1 1/2, ikiwa na rimu ya milimita 635, yaani rimu ya 28 yake ni kubwa kuliko rimu ya 29 ya wengine. Ile ya inchi 27.5 ni 584. Baiskeli za Kijapani za inchi 27 nyingi ni za W/O, milimita 609, na matairi yake kwa mafundi wa kwetu ni adimu kuliko ya 590. Mnunuzi aulize kwanza vipuri kabla ya kuichukua. Mimi sasa nimeiandika 37-590 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha simu, na dukani siombi tena tairi la inchi 26.

Upana wa tairi ndio udhaifu halisi wa baiskeli hii kwa watu wa Kigamboni. Milimita 37 zinatosha kabisa kwenye lami ya barabara ya Kibada, lakini kipande cha mwisho kuelekea nyumbani ni mchanga, na wakati wa kiangazi mchanga ule unakuwa laini kama unga. Sababu ya kuzama ni rahisi kuielewa: eneo la tairi linalogusa ardhi hulingana takriban na uzito uliobebwa ukigawanywa kwa msukumo wa upepo ulio ndani. Upepo ukipungua nusu, eneo hilo huongezeka karibu mara mbili, na tairi linaelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Tairi pana huruhusu upepo mdogo kwa sababu lina nafasi ya kubonyea kabla rimu haijagonga jiwe. Jembamba halina nafasi hiyo. Tairi langu limeandikwa kilopaskali 300, sawa na takriban 43 kwa kipimo cha psi, na nikilipunguza sana napata pancha ya rimu kuubana mpira. Kuweka tairi pana zaidi pia haiwezekani, kwani madigadi na kifuniko cha mnyororo vimeacha upenyo usiofika unene wa kidole. Kwa hiyo mita mia tatu za mwisho nazitembea, baiskeli mkononi. Nimekubali hali hiyo, lakini yule ambaye nusu ya safari yake ni mchanga asiikubali; atafute baiskeli ya 559 yenye tairi la inchi 1.95 au zaidi, kwenye fremu inayomtosha.

Vali zake ni zile zenye kipande cha mpira ndani, na kipimo cha upepo cha kituo cha mafuta hakizisomi. Nilibadilisha mipira ya ndani nikaweka yenye vali kama ya gari. Tundu la rimu liliipokea bila kutobolewa upya.

Kuhusu gia, zile tatu zimefichwa ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma, hazipati mchanga wala maji ya chumvi, na tangu niinunue hazijaguswa na fundi. Siku ambazo pantoni ina foleni napita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, na kwa mwinuko wake gia ya kwanza inatosha ingawa baiskeli yenyewe ni nzito, karibu kilo 20. Kuibeba ngazini ni kazi ya watu wawili. Breki ya nyuma, ya mkanda unaobana ngoma, hupiga kelele asubuhi za unyevu mpaka watu wanageuka. Dinamo ya taa inayosugua tairi inachosha miguu. Mwenye uwezo achague ile iliyo ndani ya habu ya mbele. Kutu ndiyo adui wa kila siku: boliti za kikapu na spoki zisizo za chuma cha pua zilianza kubadilika rangi ndani ya mwezi mmoja kwa upepo wa bahari. Kila Jumamosi naisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naikausha, kisha naupaka mnyororo mafuta.

Onyo moja kwa wanaofungiwa pedali dukani. Pedali ya kushoto ina nyuzi zinazokwenda kinyume, hivyo hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Kijana aliyenifungia alilazimisha kulia kwa spana ndefu, akaharibu nyuzi za kranki, na muuzaji alibadilisha kranki hiyo siku hiyohiyo bila kunidai. Pedali zina alama za L na R mwishoni mwa ekseli. Zisomwe kabla spana haijashikwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu, mwanamume wa sentimita 180, anayeishi ndani zaidi kuelekea Kisarawe II, ambako lami inaisha mapema. Alikuwa ameitamani yangu kwa sababu ya kikapu. Tulimpima mguu nyumbani, ukawa sentimita 85, na tulipofika Ilala nilimwomba apande zote mbili, ya Kijapani na ya milimani. Kwenye ya Kijapani ya 26 kiti kilipaswa kupandishwa kupita alama ya mwisho, na magoti bado yalikaribia usukani alipokata kona. Alichukua ya milimani, fremu ya inchi 19, tairi 50-559, usukani ukakatwa kwa msumeno sentimita nne kila upande, na kikapu tukakinunua kando kwa shilingi 15,000.